MISHIPA MIPYA YA DAMU: NANI ANAYEIITA?



Katika kisanduku cha maulizo cha Kikundi cha Sayansi tulipata karatasi yenye ulizo hili: "Mutu akiumia mguu ku mpira, kisha siku chache anaona nyama nyekundu ndani ya kidonda, yenye kutoa damu hata ukiigusa kidogo. Wengine wanasema eti ni nyama mbaya, lazima kuisugua mpaka itoke. Ni kweli?"

Jibu fupi ni hili: hapana, musiisugue. Lakini mwanafunzi wa bioshimi hawezi kutosheka na jibu fupi. Juu ya nini nyama ile ni nyekundu hivi? Juu ya nini inatoa damu upesi? Kusudi tufahamu, lazima tujue namna mwili unavyojenga mishipa mipya ya damu. Na tutaona ya kuwa jambo la kidonda kidogo cha mguu limefungana na mambo makubwa, kama kansere na upofu wa macho.

1. KILA SELI INATAKA KUKAA KARIBU NA DAMU

Tulijifunza darasani ya kuwa moyo unasukuma damu katika ateri, ateri zinagawanyika kuwa ndogo na ndogo zaidi, mpaka tunafika kwa kapilari, kisha damu inarudi kwa njia ya vena. Kapilari ni nyembamba sana. Upana wake ni karibu mikromita 5 mpaka 10, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimeta. Chembe nyekundu ya damu yenyewe ina upana wa mikromita 7 ao 8. Basi chembe zinapita moja moja kwa mstari kama watu kwenye daraja la mti, tena nyingine zinalazimishwa kujikunja kusudi zipite.

Hapo kwa kapilari ndipo oksijeni na chakula vinatoka katika damu na kuingia katika nyama. Lakini oksijeni haiwezi kusafiri mbali ndani ya nyama. Inafika karibu mikromita 100 ao 200 tu, yaani sehemu moja ao mbili za kumi za milimeta. Seli yenye kukaa mbali zaidi inakosa pumzi, na ikikaa hivyo inakufa.

Ukuta wa kapilari umejengwa na safu moja tu ya seli, zinazoitwa seli za endoteli. Kwa mutu mzima mwenye afya seli hizi ziko kama zimelala: zinafanya kazi yao ya kila siku, lakini ni mara chache sana zinagawanyika kuzaa nyingine. Zinaamka kwa sababu za pekee: mutu akiumia, tumbo la uzazi la mwanamke kila mwezi, ao kondo la nyuma wakati wa mimba. Ulizo ni hili: nani anaziamsha?

2. NJAA NDIYO INAITA

Tufikiri juu ya njia za miguu huko vijijini. Mama akifungua shamba jipya ng'ambo ya kilima, hakuna mkubwa anayekuja kupima njia. Mahitaji ya shamba ndiyo yanaita watu, watu wanapita, na njia inatokea. Mwili unafanya karibu vile. Hakuna karamani iliyochorwa mbele yenye kuonyesha kila kapilari fasi yake. Nyama yenye njaa ya oksijeni ndiyo inaita mishipa.

Namna gani seli inajua ya kuwa oksijeni imepungua? Ndani ya kila seli kuna protini moja inayoitwa kwa kifupi HIF. Seli inaitengeneza siku zote. Oksijeni ikiwa ya kutosha, HIF inatiwa alama, na protini yenye alama inaharibiwa mara moja. Ni kazi ya kutengeneza na kubomoa, mchana na usiku. Lakini oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. HIF haibomolewi tena, inaongezeka, inaingia katika kiini cha seli na kufungua jeni nyingi zilizokuwa zimefungwa. Kwa kazi hii ya kueleza namna seli inavyopima oksijeni, watu watatu, William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa zawadi ya Nobel ya utabibu mwaka 2019.

Moja ya jeni zile zinazofunguliwa ndiyo inatoa mwito wenyewe. Tuuangalie sasa.

3. KICHOCHEO CHA KUKUA NI KITU GANI?

Kichocheo cha kukua ni protini ndogo ambayo seli moja inatoa nje kusudi kuiambia seli nyingine: amka, gawanyika, ao tembea. Viko vya namna nyingi. Kile kinachojulikana zaidi katika kazi ya mishipa ya damu kinaitwa VEGF. Seli yenye njaa inakitoa, nacho kinasambaa ndani ya nyama, kama harufu ya samaki wanaokaangwa: ukikaribia jikoni inazidi, ukienda mbali inapungua. Kwa sababu hiyo mwito unaonyesha pia njia: fasi VEGF ni nyingi, huko ndiko kuna njaa.

Juu ya ngozi ya seli za endoteli kuna vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, na VEGF ni ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, habari inapita ndani ya seli, na kazi inaanza. Inafuata hatua hizi:

a) Kufungua njia. Seli za endoteli zinalegeza mikono yao na kutoa enzima zenye kukata utando unaozunguka mshipa.

b) Kuchagua kiongozi. Seli yenye kusikia mwito zaidi inatangulia. Inatoa vidole virefu vyembamba kama mutu anayepapasa gizani. Tena inawazuia jirani zake: musitangulie, ninyi mufuate. Bila katazo hilo kila seli ingeenda upande wake, na mshipa usingetokea.

c) Kutembea na kuongezeka. Kiongozi anavuta mbele. Seli za nyuma yake zinagawanyika, zinajipanga, na katikati yao panatokea tundu kama bomba.

d) Kuungana. Tawi moja likikutana na tawi lingine, yanashikana, na damu inaanza kupita.

e) Kuimarisha. Hapa vichocheo vingine vinafanya kazi. Kimoja kinaitwa PDGF: kinaita seli za pembeni zenye kukumbatia mshipa mpya kusudi uwe na nguvu. Kingine, angiopoietini, kinasaidia kutuliza ukuta usivuje.

Na matawi yasiyopata damu ya kupita? Yanakauka na kupotea. Kama vile njia ya mguu isiyopitwa inaota majani, vivyo hivyo kapilari isiyo na kazi haidumu.

4. WATU WALIVYOVUMBUA MAMBO HAYA

Munganga mmoja mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, ndiye aliyefungua njia hii. Karibu na mwaka 1960, alipokuwa katika utumishi wa jeshi la maji, yeye na mwenzake walikuwa wakitunza viungo vya sungura ndani ya vyombo vya kioo na kuvipitishia maji ya kulisha. Wakaweka ndani yake seli za kansere. Zikakua kidogo, zikasimama, hazikupita milimeta moja ao mbili. Lakini seli zile zile, zikihamishwa katika panya mzima, zilikua na kuwa uvimbe mkubwa. Tofauti ni nini? Katika panya uvimbe ulipata mishipa mipya ya damu. Katika chombo haukuipata.

Mwaka 1971 Folkman aliandika wazo lake: uvimbe hauwezi kuwa mkubwa bila kuita mishipa, na mtu akizuia mwito ule, atauzuia uvimbe. Wataalamu wengi hawakukubali. Walisema wekundu unaoonekana kuzunguka uvimbe ni uchungu wa mwili tu. Folkman hakubishana sana; alirudi laboratware na kutafuta.

Mwaka 1983 kikundi cha Harold Dvorak, huko Boston, kilionyesha protini itokayo katika uvimbe na yenye kufanya mishipa ivuje. Mwaka 1984 wenzake wa Folkman walisafisha kichocheo kingine, kinachoitwa FGF. Kisha mwaka 1989 Napoleone Ferrara, mtu wa asili ya Italia aliyefanya kazi katika kampuni Genentech huko California, alipata VEGF. Kumbe protini ya Dvorak na protini ya Ferrara ilikuwa moja! Kitu kile kile kinafungua mishipa na kuizalisha.

Mwaka 1996 kukaja jambo la kushangaza. Kikundi cha Peter Carmeliet katika mji wa Leuven, Ubelgiji, na kikundi cha Ferrara, kila kimoja upande wake, walichukua panya na kuharibu jeni ya VEGF. Kila kiumbe kama panya na mutu kina nakala mbili za jeni hiyo. Waliharibu nakala moja tu. Watoto wa panya walikufa tumboni mwa mama, mishipa yao haikujengeka vizuri. Nusu ya mwito haikutosha. Tulishike neno hili, maana ndilo kiini cha habari yetu: mwito wa VEGF ni lazima uwe kwa kipimo, usipungue wala usizidi.

5. SASA TURUDI KWA KIDONDA

Ukiumia, damu inatoka na kuganda. Chembe ndogo zenye kugandisha damu zinamwaga vichocheo pale pale, pamoja na PDGF na VEGF. Kisha zinafika chembe nyeupe zenye kula uchafu na mikrobi, nazo pia zinatoa vichocheo. Tena mishipa ya pale imekatika, oksijeni ni kidogo, kwa hiyo HIF inafungua mlango kama tulivyoeleza. Mwito unatoka pande zote.

Kuanzia siku ya 3 mpaka ya 5 hivi, nyama nyekundu inaonekana. Ukiitazama karibu, ina vipele vidogo vidogo kama punje za mchanga. Kila punje ni fungu la kapilari changa zilizokunjamana. Wekundu wake ni damu ndani ya kapilari zile. Inatoka damu upesi kwa sababu kuta ni changa, bado hazijakumbatiwa vizuri. Nyama hiyo ndiyo jukwaa ambalo ngozi mpya itapita juu yake. Kisha majuma, kidonda kikifunga, kapilari nyingi zinakauka kwa kukosa kazi. Ndiyo maana kovu changa ni jekundu ao jeusi-jekundu, na kovu la zamani limepauka.

Sasa ndugu anayechukua brosi ao kigunzi cha muhindi na kusugua mpaka damu itiririke, anafanya nini? Anabomoa nyumba wakati mafundi wako juu ya ukuta. Kazi ya siku tano inaanza upya, na mlango wa mikrobi unafunguka. Vivyo hivyo yule anayeng'oa kitambaa kikavu kwa nguvu: kapilari zimeshikamana na nyuzi, zinang'oka pamoja nazo.

6. MWITO UKIPITA KIPIMO

Dvorak aliandika mwaka 1986 ya kuwa uvimbe wa kansere unafanana na kidonda kisichopona. Kidonda kinaita, kinapata, kinanyamaza. Kansere inaita na hainyamazi. Mishipa yake inapindapinda, inavuja, damu inapita vibaya, basi njaa haiishi na mwito unaendelea. Tena seli za kansere zinaweza kutumia mishipa ile kama njia ya kwenda kupanda ugonjwa fasi nyingine.

Jicho nalo linaonyesha hatari hiyo. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, kapilari za retina zinaharibika na kuziba. Retina ina njaa, inaita. Mishipa mipya inakuja, lakini ni dhaifu, inapasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Mutu anaanza kuona madoa meusi, mwishoni haoni. Angalieni: mwili ulitaka kusaidia, na msaada ukaleta upofu.

Mfano mwingine ni wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mishipa ya retina yao haijamaliza kukua. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, hospitali za Marekani na Ulaya ziliwapa oksijeni nyingi sana, kusudi waishi. Wengi waliishi, lakini karibu 10,000 duniani walipofuka. Mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950, ni mmoja wa watoto wa namna hiyo. Leo tunafahamu sababu. Oksijeni ilipokuwa nyingi, retina iliona imeshiba, ikaacha kuita, mishipa ikasimama. Baadaye retina ilipokua na kutaka oksijeni zaidi, ikaita kwa nguvu kupita kiasi, na mishipa mibaya ikajaa. Siku hizi wauguzi wanapima oksijeni ya mtoto wa namna hiyo kwa uangalifu, isizidi wala isipungue.

7. DAWA ZENYE KUZIBA MWITO

Mwezi wa pili mwaka 2004 serikali ya Marekani ilikubali dawa bevacizumab kwa kansere ya utumbo mkubwa iliyokwisha kusambaa. Dawa hii inashika VEGF kabla haijafika kwa kipokezi. Ufunguo unafungwa mdomo, hauingii tena katika kufuli. Katika majaribio yake makubwa, wagonjwa waliopewa dawa za kawaida za kansere waliishi kwa kadiri miezi 15.6, waliopewa pamoja na bevacizumab waliishi kwa kadiri miezi 20.3. Tuseme kweli: haikuponya. Kansere inajua njia nyingine za kuita, kama vile FGF. Lakini wazo la Folkman lilionekana kuwa la kweli, na yeye mwenyewe alipata kuliona kabla ya kufa mwaka 2008.

Kwa macho matunda yalikuwa makubwa zaidi. Dawa za namna hii zinadungwa ndani ya jicho, na watu wengi ambao zamani wangepofuka wanaendelea kusoma na kutembea.

Na hapa kuna jambo linalofunga habari yetu yote. Mgonjwa anayepewa bevacizumab, vidonda vyake vinachelewa kupona. Kwa hiyo madaktari wanaiacha dawa hiyo kwa siku 28 hivi mbele ya upasuaji. Juu ya nini? Kwa sababu dawa haiwezi kuchagua. Mwito wa kansere na mwito wa kidonda ni mwito mmoja.

8. TUFANYE NINI SISI HAPA KU MASOMO?

- Kidonda kioshwe kwa maji safi, na kama maji si ya kuaminika, yachemshwe na yapoe kwanza. Udongo na mchanga vitoke siku ya kwanza.
- Nyama nyekundu yenye kung'aa, isiyo na harufu, iachwe. Ni rafiki.
- Musitie majivu, unga wa pile, mafuta ya gari, wala samadi. Vinaua seli changa, tena udongo na samadi vinaweza kuleta pepopunda. Mwenye kuumizwa na msumari ao kitu cha udongoni aende dispansere aulize juu ya chanjo.
- Kitambaa kikishikamana, kiloweshwe kwanza kwa maji safi, kisha kitolewe polepole.
- Mujenzi anataka matofali. Maharagi, ndakala, mayai na karanga vinatoa protini. Mapera na machungwa vinatoa vitamini C, ambayo inasaidia nyuzi za nyama kushikamana.
- Tumbaku inabana mishipa na kupunguza oksijeni. Mvuta sigara anaponea nyuma.
- Musingoje nyumbani ikiwa kidonda kinanuka, kinatoa usaha, kina nyama nyeusi ao ya kijivu, wekundu unapanda mguuni, mutu ana homa, ao nyama inavimba kupita ngozi. Vilevile kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona kisha majuma mawili kinaomba muuguzi akione. Na mzazi mwenye ugonjwa wa sukari aangalie miguu yake kila siku, kwa maana kwake mwito wa kidonda unasikika vibaya.

Basi, aliyetuletea ulizo amepata jibu, na tunamshukuru, kwa sababu ulizo lake limetutembeza mbali. Wengine walete yao katika kisanduku.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Juu ya nini uvimbe usio na mishipa unasimama kwa milimeta moja ao mbili? (Kumbuka umbali ambao oksijeni inasafiri.)
2. Oksijeni ikiwa nyingi, HIF inafanywa nini?
3. Tupe sababu mbili za nyama mpya ya kidonda kutoa damu upesi.
4. Mgonjwa wa kansere anayepewa dawa yenye kuziba VEGF anaumwa jino, na jino linataka kung'olewa. Ungemwambia nini munganga wa meno?



Kikundi cha Sayansi